Udongo wa fedha unachongwa lini: ukiwa mbichi, ukikauka, au ukishatoka motoni?

Swali:

"Assalaam aleikum fundi, na shikamoo. Mimi natengeneza bangili na vidani vya shanga hapa Unguja, sasa dada yangu aliyeko Uingereza kanitumia pakiti ya gramu 25 ya ule udongo wa fedha, ule unaochomwa ukageuka silva. Babu yetu alikuwa mchonga milango na mi nimekua nashika patasi, nikasema basi nachonga kidani chenye waridi katikati na ukingo wa mnyororo kama kwenye fremu za milango yetu. Nimechonga kwa sindano udongo ukiwa bado laini, mistari ikawa inachanika pembeni na kuinua makapi. Nikaukausha siku nzima, nikapiga msasa, nikachoma kwa tochi ya gesi kama dakika mbili hivi. Kimetoka cheupe kama chokaa, kimepungua, mnyororo karibu wote umepotea, na juzi kimedondoka sakafuni kikakatika vipande viwili kama biskuti. Jirani anasema hiyo si fedha, nimeuziwa unga. Je, moto ndo umefuta nakshi? Na je, niache kabisa kuchonga udongo, nichome bapa tupu halafu nimpelekee sonara achonge juu ya chuma? Nimebakiwa na kama gramu 12, sitaki kuziharibu."

Jibu:

Waaleikum salaam, marahaba mdogo wangu. Nimelisoma swali lako mara mbili maana kila mtu anayeniandikia kuhusu huu udongo huwa kapatwa na moja kati ya hayo, we umepatwa na yote kwa mpigo. Nikutoe wasiwasi kwanza: hujatapeliwa, fedha ni fedha. Na moto haujafuta nakshi yako hata kidogo. Nakshi imeuliwa na sindano kwenye udongo mbichi halafu msasa ukaja kuizika, na kidani kimevunjika kwa sababu hakikuiva. Kuhusu sonara nitakujibu mbele, hapo jibu ni "inategemea unataka nini", najua jibu la hivyo linaudhi.

Tuanze na jirani. Kwanza hilo neno udongo linatudanganya wote, hakuna udongo mle ndani. Ni unga wa fedha safi, laini kuliko wanja, umekandwa na maji na gundi kidogo inayotokana na mimea. Wajapani ndo walioanzisha, kampuni ya Mitsubishi Materials, miaka ya tisini mwanzoni, baadaye ikaja Aida na udongo wao unaoitwa Art Clay. Ukichoma, maji yanakwenda, gundi inaungua, inabaki fedha peke yake, na kwa aina nyingi za pakiti hizi inabaki fedha ya 999 kwa 1000. Sasa mwambie jirani zile sarafu za zamani, riale kubwa za Maria Theresa zenye mwaka 1780, ambazo masonara wa Omani na Yemeni walikuwa wakiziyeyusha kutengenezea mapambo, zilikuwa na fedha 833 tu kwa 1000, kingine ni shaba. Yaani kidani chako kwa usafi kinaipita riale ya bibi. Akibisha bado, sonara yeyote mwenye jiwe la kupimia na tindikali atawamalizia ubishi kwa dakika moja. Ila angalia tu pakiti iliyobaki, kama imeandikwa 999 au fine silver ni hiyo ninayoisema, kama imeandikwa 925 au 960 hiyo ina shaba ndani na uchomaji wake ni mwingine, tochi haiitoshi, usije ukafuata maelezo yangu ya moto ukanilaumu.

Na ule weupe? Chukua chumvi ya mawe, punje kubwa unaona inapitisha mwanga, itwange uone inavyokuwa nyeupe pe. Haijageuka kitu kingine, ni uso wake umekuwa na vichembe vingi vinavyotawanya mwanga kila upande. Kidani kinachotoka motoni kiko hivyohivyo. Unachukua brashi ya waya laini, ya shaba au ya chuma cha pua, maji na sabuni, unasugua, weupe unalala na fedha inatokea mbele ya macho yako, mi mpaka leo huwa naipenda hiyo dakika. Nina wasiwasi hukufika hapo, kilidondoka kikiwa bado cheupe, sivyo?

Haya, sasa nakshi. Dhana kwamba moto unafuta mistari naisikia sana na inatokana na kuona kitu kimepungua. Ni kweli kinapungua, udongo wa siku hizi unapungua kama asilimia 8 mpaka 12 kwa kila upande, ule wa zamani wa mwanzo ulikuwa unapungua karibu asilimia 30. Lakini kinapungua chote kwa pamoja, kama vile picha kwenye simu unapoirudisha ikawa ndogo. Mstari wa upana wa milimita 1 unakuwa milimita 0.9, na nafasi kati ya mstari na mstari nayo inapungua vilevile, kina cha nusu milimita kinabaki milimita 0.45. Hiyo jicho haliwezi hata kuigundua. Kwa hiyo kama mstari uliingia motoni ukiwa mzuri, utatoka mzuri. Kama ulitoka haupo basi jua haukuwepo tangu haujaingia, ila ulikuwa unaona kivuli chake tu.

Hebu tuangalie kilichotokea pale mezani kwako. Udongo ukiwa mbichi, sindano haiondoi kitu. Inasukuma. Ni kama kupitisha kidole kwenye ugali wa moto, unapata mfereji lakini pembeni umeinua matuta mawili, na hayo ndo makapi unayoyasema. Na kila pale mstari unapokata mstari mwingine, na mnyororo ni mistari inayokatana mwanzo mwisho, tuta la huu linaangukia kwenye mfereji wa ule. Udongo ukakauka hivyohivyo. Ukaja na msasa ukayasaga matuta, vumbi likaingia wapi? Kwenye mifereji. Na lile vumbi si uchafu dada, ni fedha ileile, ukiipeleka motoni imelala ndani ya mstari inashikana humo humo inakuwa chuma. Mnyororo wako haujapotea, umejazwa. Mi nalijua hili kwa kuumia, kipande changu cha kwanza kilikuwa kimeandikwa jina la mama kwa khati nzuri tu, nikapiga msasa mpaka kikawa laini kama kioo, nikachoma, likatoka bapa lenye alama kama za kuku aliyepita. Sikuwahi kumuonyesha.

Nadhani hapa ndipo mkono wa babu ulipokuponza kidogo, usinielewe vibaya. Mti una nyuzi. Ukipeleka patasi kwa mwendo wa nyuzi mti wenyewe unakuongoza, na mti unavumilia, ukichimba ndani unatoa kipande kizima na pembeni panasimama. Udongo wa fedha hauna nyuzi na hauna huruma. Mbichi unafuata kisu, mkavu unapasuka ukilazimishwa. Unachongeka vizuri ukiwa mkavu kabisa, lakini kwa kukwangua kidogo kidogo, mara nyingi, badala ya kuchimba mara moja. Ukiuzoea utaona ni mtamu kuliko mti maana unaweza kwenda upande wowote unaotaka.

Nikueleze ninavyofanya mwenyewe, we utachukua kinachokufaa. Unene kwanza. Sisi tunapima kwa karata, zilezile za kuchezea, karata 4 huku na karata 4 huku, unaweka udongo katikati unasukuma na kipande cha bomba la plastiki mpaka bomba linakaa juu ya karata. Karata moja ni kama robo milimita, kwa hiyo 4 ni milimita 1, 6 ni milimita 1 na nusu, 8 ni milimita 2. Kwa nakshi ya kuchonga usishuke chini ya 6, na kwa waridi la mlango ninalolifikiria mimi weka 8. Kanuni yangu ni kwamba mstari usizidi theluthi ya unene. Ukichonga nusu milimita kwenye bapa la milimita 1 umeacha nusu tu chini, na hiyo nusu ikipungua motoni ndo inakuwa mahali pa kukatikia, chungulia pale kidani chako kilipokatika uone kama hakikufuata mstari.

Halafu kukausha. Siku nzima kwa hewa ya Unguja, hasa wakati wa masika, haitoshi wala usijidanganye, sisi watu wa pwani hata chumvi mezani inalowa. Kausha kwa hewa kwanza ili kisijikunje, kigeuze geuze, kisha kimalizie kwa joto dogo, juu ya mfuniko wa sufuria yenye maji ya moto au kwa mashine ya kukaushia nywele kwa mbali. Kipimo chake ni rahisi sana: kikiwa bado na joto kiweke juu ya kioo cha kujitazamia, hesabu mpaka kumi, kinyanyue. Ukiona ukungu umebaki kwenye kioo, umbo lilelile la kidani, kuna maji ndani, rudisha. Rudia mpaka kioo kibaki kikavu. Hii si kwa ajili ya kuchonga tu, kitu chenye maji ukikipiga tochi yale maji yanageuka mvuke ndani na kinatunga malengelenge au kinapasuka kabisa.

Kikishakauka, piga msasa SASA, kabla ya kuchonga. Narudia maana hapa ndo wengi wanakosea. Namba 400 halafu 600, uso uwe laini, pembe ziwe sawa, umalize kazi yote ya msasa, ndo uchore nakshi kwa penseli, penseli haina shida itaungua. Ukishaanza kuchonga msasa haugusi tena ule uso. Chini kikunjie kitambaa kizito au kipande cha raba ya kandambili iliyochoka, kidani kilale kimeshikwa kote, maana bapa kavu ni kama biskuti kweli, ukilibonyeza huku chini pana uwazi linavunjika.

Kifaa. Sindano ni ya kuchorea tu, haina shavu la kubeba vumbi. Unataka patasi ndogo yenye mdomo wa V, zile zinazouzwa kwa watu wa kuchonga lino, yaani zile bapa za raba ngumu za kuchapia picha, zinafaa sana, na moja yenye mdomo wa U kwa petali za waridi. Ya U unaweza kujitengenezea: chukua ubavu wa mwavuli uliokufa, ule wa chuma uliojikunja kama mfereji, kata kama sentimita 8, kwangua ncha yake kwenye kinoo kwa nje mpaka iwe kali, ichomeke kwenye kipini cha mti. Mjukuu wa mchonga milango hashindwi kipini. Na iwe kali kweli, butu inararua.

Sasa mkono wenyewe. Viwiko vyote mezani. Taa iweke pembeni, kushoto kama unatumia mkono wa kulia, iwe chini, ili mfereji utupe kivuli uone unachofanya, taa ya juu inakuficha kila kitu. Patasi ilale, isisimame, kama unavyoshika kalamu kwa uvivu. Mara ya kwanza unapita juu ya penseli bila nguvu kabisa, unaacha mkwaruzo tu wa kuongoza, utaona unga mweupe mwembamba unakusanyika mbele ya mdomo wa patasi. Mara ya pili njia ileile, kidogo zaidi. Ya tatu, ya nne. Mnyororo wangu mmoja huwa napita mara tano au sita, na mtu akiniangalia anadhani sifanyi kitu. Kwenye mapindo usizungushe mkono, zungusha kidani na mkono ubaki palepale, duara la waridi linatoka lenyewe. Pale mistari inapokatana simama kabla hujafika, nyanyua, anzia upande wa pili uje mpaka katikati, ukivuka moja kwa moja unang'oa ile pembe kali ya makutano. Na kila baada ya mistari michache pitisha brashi laini ya rangi ya maji, fagia vumbi lote kwenye kikaratasi. Vumbi hilo weka kwenye kichupa, ukilichanganya na maji unapata uji wa kuzibia.

Ambayo ndo raha ya huu udongo na mti haukupi: ukikosea, unaziba. Patasi imeteleza, umekata petali? Tone la uji, subiri likauke kabisa, kwangua hapo tu kwa ncha ya kisu, chonga upya. Kabla ya moto kila kosa linasameheka. Ila vaa barakoa unapopiga msasa, fedha haina kazi kwenye mapafu.

Moto sasa, na huu ndo uliokuvunjia kidani. Unga wa fedha ukipata joto la kutosha hauyeyuki, chembe zinashikana pale zinapogusana. Umeshaona sukari kwenye kopo wakati wa mvua, inavyogandamana ikawa bonge, na bado unaona punje moja moja? Ni kitu cha namna hiyo, tofauti ni kwamba kwenye fedha kadiri unavyokaa motoni zile shingo za kushikania zinanenepa na nafasi kati ya punje zinajifunga. Ukitoa mapema una bonge la sukari. Linaonekana gumu, linalia kidogo, lakini likianguka linakatika na ndani pana chengachenga za kijivu au nyeupe zisizong'aa. Angalia pale kilipokatika, naweka dau ndivyo palivyo.

Dakika mbili zako sizikatai, shida ni ulianza kuzihesabu wapi. Saa haianzi ulipowasha tochi. Kwanza kitatoa moshi na kimwali kidogo, hiyo ni gundi inaungua, sekunde kadhaa. Kisha kitakuwa cheupe. Kisha kitaanza kuwaka rangi, kama nyama ya papai lililoiva, rangi ya chungwa iliyopauka, hapo ndo unaanza kuhesabu na unakishikilia kwenye rangi hiyohiyo, tochi umbali wa kama sentimita 5 unaizungusha isikae sehemu moja. Dakika 5 kwa kitu cha ukubwa wako, mi sishuki hapo. Na rangi hiyo huioni kwenye mwanga wa mchana hata ufanyeje, kama ulichomea uani saa sita ulikuwa unachoma kwa kubahatisha. Fanya jioni, au kwenye kivuli kizito chenye hewa, juu ya tofali la kuzuia moto, ushungi na nywele vifungwe nyuma, watoto wasiwepo. Ukiona uso umeanza kumetameta kama maji, ondoa tochi hapohapo, fedha safi inayeyuka kwenye nyuzi joto 962 za Selsiasi na kutoka kumetameta mpaka kuwa tone ni kufumba na kufumbua. Nimewahi kugeuka kumjibu mtu anayepiga hodi, nikirudi hereni imekuwa punje ya mbaazi. Mkaa na mivukuto usijaribu kwa kidani kilichochongwa, mkaa ukipulizwa unayeyusha fedha na huna namna ya kuuongoza.

Tochi lakini ni nusu ya jibu, nakwambia ukweli. Hata ukiichoma vizuri fedha ya tochi inakuwa dhaifu kuliko ya tanuri. Pakiti zitakwambia nyuzi 650 kwa nusu saa, au 700 kwa dakika 10, na inashikana kweli, lakini kwa kitu kitakachovaliwa kila siku na chenye nakshi ya kina, nyuzi 900 kwa masaa mawili ndo napata kitu ninachoweza kukikunja kisikatike. Tanuri utalipata wapi? Ulizia kwa mafundi wa meno ya bandia, wana vitanuri vidogo vinavyoshika nyuzi sawasawa. Masonara wanaomimina kwa nta wanalo la kuunguzia nta, mara nyingi linafika 700 na kidogo, ukikaa nalo muda mrefu si mbaya. Wafinyanzi wenye tanuri la umeme pia, ila huyo mwambie na umwandikie, ISIPITE 900, maana yeye kazi zake zinaanza pale fedha yako inapokuwa maji.

Jaribio la bure: kila ukichoma, choma na kijiti kidogo cha udongo uleule pembeni, unene uleule. Kikipoa kikunje kwa koleo polepole. Kikikunjika kama waya, kidani kimeiva. Kikikatika, rudisha vyote. Ndiyo, inarudishwa, fedha safi haiharibiki kwa kuchomwa mara ya pili.

Sasa la sonara. Kuna watu watakwambia kuchonga kwenye udongo ni mchezo wa watoto na nakshi ya kweli ni ya kalamu ya chuma juu ya chuma. Wana haki kwa upande mmoja. Kalamu ya sonara mwenye mkono inanyofoa uzi wa chuma na kuacha ukuta wa mstari uking'aa kama kioo, mng'ao huo kwenye udongo hupati, mstari wa udongo unatoka mlaini, wa kivuli. Tatizo ni kwamba udongo uliochomwa, hata ukaiva, ndani una vitundu vidogo vidogo kama mkate. Kalamu inateleza vizuri halafu ghafla inanasa. Na fedha ya 999 ni laini inang'ang'ania kalamu, masonara wengi wanapenda kuchonga ya 925 yenye shaba kidogo inayokatika safi. Kwa hiyo kumpelekea bapa la udongo uliochomwa dakika mbili ni kumtesa, na ataharibu halafu mtagombana. Kama unachotaka ni jina, herufi nyembamba za khati kama nywele, mwambie akuchongee kwenye bapa la fedha ya kawaida, ni rahisi kuliko udongo na kazi itatoka bora. Usinunue udongo ili uugeuze bapa, hiyo hasara siielewi kabisa.

Kama lakini unataka waridi lile na mnyororo wenye kina, hapo udongo mkavu unamshinda sonara kwa mbali. Au changanya: nakshi nzito kwenye udongo, ukachoma kwenye tanuri, ukakisugua uso kwa kichuma chenye uso mwororo mpaka vitundu vya juu vijifunge, halafu sonara akakupitishia mistari michache tu ya kung'arisha ndani ya petali. Mtafute anayechonga kwa mkono na umpelekee kidani mwenyewe akishike, hili halisemeki kwa simu. Vivyo hivyo kama unataka kuweka jiwe, nenda nalo kwa mtu akaliangalie, lulu na feruzi ukizichoma pamoja na fedha zinakufa.

Kuna njia ya tatu hukuiuliza, na kwa gramu zako 12 mi ndo ningeianza hiyo. Patasi za babu zipo? Chonga muhuri wa mti. Chukua kipande cha mti wenye nyuzi zilizoshikana, mpingo ukiuweza, mvule utakubali ila vinyweleo vyake vitaonekana kwenye fedha, uchonge waridi kinyume, kile unachokichimba ndo kitakachoinuka. Paka mafuta ya zeituni kidogo sana kwa kidole, bonyeza kwenye udongo mbichi, nyanyua wima. Hapo ule ubichi uliokutesa unakuwa rafiki, maana unabonyeza tu huchani kitu. Kikikauka unaingia na V kunoa kingo za mnyororo. Muhuri mmoja unakutolea vidani hamsini na mti hauna bei ya kukunyima usingizi ukikosea. Na kabla hujagusa fedha, mazoezi ya V fanyia kwenye bapa la jasi, linachongeka karibu sawa na huu udongo mkavu, sabuni ya mche pia inafaa kwa mapindo ingawa ni laini mno.

Kikishang'aa, mnyororo utaufanya usomeke kwa yai. Si utani. Chemsha yai mpaka liwe gumu, likiwa la moto liponde na ganda lake kwenye kopo lenye mfuniko, kidani kiwe humohumo juu ya kipande cha foili bila kugusana na yai, funika, baada ya masaa machache salfa ya kiini imekifanya cheusi chote. Kisha unasugua uso wa juu tu, weusi unabaki ndani ya mistari, na ghafla lile waridi linasimama kama lilivyo kwenye mlango jua la alasiri likilipiga kwa pembeni.

Vile vipande viwili usitupe. Vipeleke kwenye tanuri kwanza vikaive kila kimoja peke yake. Kisha uji wa vumbi lako ukandwe na matone ya mafuta ya lavenda badala ya maji, paka kwenye pande zote mbili za mkatiko, bana, kausha kwa joto dogo, rudisha nyuzi 800 nusu saa. Alama ya mshono itaonekana kidogo kwa nyuma. Mnyororo wa pale ulipojaa siwezi kukuahidi, hapo ndo sonara na kalamu yake anaweza kukurudishia mistari miwili mitatu.

Na hizo gramu 12, leo hiihii kabla hujalala: zifunge kwenye nailoni mara mbili ukiondoa hewa, weka kwenye kopo dogo lenye mfuniko wa kukaza pamoja na kitambaa kilicholowa. Ukizikuta zimeanza kukauka usipanike, zikwangue ziwe unga, matone ya maji, kanda ndani ya nailoni, ziache mpaka kesho. Kidani cha duara la sentimita 3 kwa karata 8 zitakutosha na kijiti cha kujaribia juu, kitatoka kama sentimita 2.7 baada ya moto, chora waridi lako kwa hesabu hiyo.